Koti la Mkwe Kutoka Katalogi

Persis Nyanchoka hakuwa na duka. Alikuwa na katalogi moja ya nguo kutoka Nairobi, iliyofungwa kwa leso isiharibiwe na moshi wa jikoni. Watu wa Nyaramba walipotaka nguo isiyopatikana sokoni walikwenda kwake, wakachagua picha, naye akawaagizia kwa posta. Huo ulikuwa mwaka wa 1996, na wengi wetu tulikuwa tumeshaonja uchungu wa kuagiza wenyewe. Picha huja na jua lake. Nguo huja na mvua yake.

Ujuzi wake aliupata usichanani, katika duka la vitambaa la mzee Gopal mjini Kisii, alikokunja majora hadi vidole vyake vikaitambua sufu kabla macho hayajafika. Alipoolewa akarudi milimani kuchuma chai, vidole havikusahau. Alisema kwamba picha ya katalogi humwonyesha msichana aliyevaa nguo, haiionyeshi nguo. Kwa hiyo alianza na yale maandishi madogo ya chini, ajue kitambaa ni gani na vipimo ni vya mwili au vya nguo yenyewe. Kisha aliwaandikia wenye mali, akiomba kipande cha kitambaa na kuuliza kama nguo isiyotosha itapokelewa ikirudishwa. Kwa wasiojibu hakuagiza kitu.

Mwezi wa Julai alimjia Onchiri, kijana wa hapo hapo, aliyejiandaa kwenda kwa wakwe zake huko Manga. Nguo ya mama mkwe hukabidhiwa mbele ya wanawake wa boma, naye huivaa papo hapo. Mwaka uliotangulia kijana mwingine alipeleka rinda lililokataa kupita mabegani, na wanawake wakalitungia wimbo uliokuwa ukiimbwa bado katika mashamba ya chai. Onchiri aliujua mpaka mwisho. Hakutaka kuwa ubeti wake wa pili.

Alikuwa amechagua koti la sufu, maana Manga kuna baridi. Persis alipomuuliza mkwe wake ana umbo gani, alijibu kwamba hajamtazama. Hakuwa anatania. Chinsoni, ile haya ya heshima kati ya wakwe, haimruhusu mwanamume kumkazia macho mama wa mkewe, sembuse kumzungushia utepe. Basi akafanya wanavyofanya wote hapa kwetu: akaomba kubwa. Kumkisia mama wa watu kuwa mwembamba ni kama kusema nyumbani kwake hakuna chakula.

"Agiza lile linalozidi yote, mama," alisema. "Akiogelea ndani yake, atajua ninamheshimu."

"Hilo utamvisha ng'ombe, baba. Mkweo ana mabega mawili tu."

Akamwita Kwamboka, mchumba wake Onchiri, akamwambia alete rinda moja la mama yake, Bathsheba. Si lile jipya kuliko yote, bali lile analovaa kanisani siku ya Sabato bila kulivutavuta. Kwamboka alilileta, la kijani. Persis alilitandaza mezani bila kulinyoosha, akapima bega kwa bega, kifua, urefu wa mkono, kisha akaongeza nafasi ya sweta ya kuvaa ndani. Jibu likatoka dogo. Uso wa Onchiri ulinywea. Aliomba saizi moja zaidi, na Kwamboka akamwunga mkono, akihofia maneno ya shangazi zake.

"Mkitaka kuwafurahisha shangazi, waagizieni wao," Persis alisema. "Hili ni la Bathsheba."

Aliagiza mapema, ili kama likija baya kuwe na muda wa kulirudisha. Lilipofika alilifungua pale pale posta, akalilinganisha na kipande alichotumiwa, akaligeuza ndani nje na kuvuta mishono. Hapo ndipo alipokubali kulipeleka nyumbani.

Siku ya siku tulipanda Manga pamoja. Onchiri aliketi na wanaume upande wa pili wa ua, uso ameugeuza kama inavyompasa. Bathsheba, mwanamke mwembamba mwenye mgongo ulionyooka, akalivaa koti. Bega la koti lilikoma pale bega lake lilipokoma. Nilingoja vigelegele. Badala yake wifi yake aliweka kikombe chini.

"Hili limekatiwa juu ya mwili wako," alisema. "Sasa tuambiwe, mkwe huyu amekuangalia lini hata akakujua hivi?"

Wawili watatu walichekea ndani ya leso. Bathsheba hakucheka. Mkono wake ulisimama kwenye kifungo. Sote tuliogopa koti lisitoshe. Hakuna aliyewaza kwamba kutosha mno nako kungekuwa na hatari. Kama angelivua, Onchiri angerudi nyumbani mtu asiye na haya, na Kwamboka angebaki kwao.

Persis aliinuka bila haraka.

"Hakukuangalia, mama. Nilipomuuliza umbo lako, aliniomba koti la ng'ombe. Kilichopimwa ni rinda lako la Sabato, mezani kwangu, na aliyelileta ni binti uliyemzaa. Mikono iliyopima ni hii. Mwenye neno aniulize mimi."

Bathsheba alimtazama bintiye. Kwamboka aliinamisha kichwa, akakubali.

"Kumbe," mama alisema. "Nami niliwalaani watoto wa jirani bure, nikidhani wameliiba kwenye kamba." Akafunga kifungo cha mwisho. "Mkwe kipofu kiasi hiki ndiye ninayemtaka."

Hapo vigelegele vikapasua ua, na wifi mtu akawa wa kwanza kuupapasa mkono wa koti.

Jioni, tukiteremka kilima, Onchiri alipunguza mwendo hadi akawa sambamba na Persis. Sote tulikuwa tumeliona koti lile mwilini, isipokuwa aliyelinunua.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, "lilimkaa?"

"Lilimkaa."

Alitembea kidogo.

"Hata mikono?"

"Hata mikono, baba."