Kikaragosi Aliyezuia Machozi

Mwanarusi alikuwa mshonaji nguo mtaa wa Majengo, mjini Embu. Mumewe, Kasim, alikuwa na bucha jirani na veranda alipoweka cherehani yake. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Kasim alikamatwa. Ilisemekana nyama yake ilikuwa ikipenya hadi kwa wapiganaji wa uhuru waliojificha msituni. Hakupelekwa mahakamani. Alitiwa kwenye kambi ya seng'enge nje ya mji, na kila Mwanarusi alipompelekea chakula aliambiwa arudi nacho.

Siku za Idi, Mwanarusi alizoea kuwachezeshea watoto wa mtaa vikaragosi alivyoshona kwa vipande vya nguo. Habari hiyo ilimfikia afisa wa habari, mzungu mmoja aliyetaka mchezo wa kuzungusha vijijini. Alimwita, akamweleza kisa chenyewe: kijana anaingia msituni, mama yake anamkana, anakwenda kumtaja kwa homgadi, askari wa kijiji walio upande wa serikali, na kupewa unga. Karani wake, Njiru, angesema maneno kwa Kiembu nyuma ya pazia. Mwanarusi angechezesha vikaragosi kwa mikono yake. Kazi ikiwa nzuri, afisa alisema, suala la Kasim litaangaliwa. Mwanarusi alikubali kabla afisa hajamaliza kusema.

Walianzia Manyatta, kwenye kijiji kipya kilichozungushiwa handaki. Homgadi waliwatoa watu kwenye kuchimba handaki hilo, wakawaketisha chini. Mwanarusi alimfanya mama wa kitambaa apige kifua, atupe kichwa huku na huku, arushe mikono juu. Watu walitazama tu kama wanaotazama nguo kwenye kamba. Pale pa huzuni, watoto wakacheka.

"Huyu si mtu," afisa alimwambia baadaye. "Hiki ni kitambaa. Nataka waamini."

Akamwacha pale kijijini ajifunze huzuni kwa watu wenyewe, na homgadi wakampa nafasi katika nyumba ya mjane aliyeitwa Wanja. Wanja hakuuliza mgeni wake amefuata nini. Alimpa mahali pa kulala na viazi vya kula.

Asubuhi moja, maiti mbili za wapiganaji zilitolewa msituni zikalazwa kando ya barabara. Kijiji kizima kiliamriwa kupita mbele ya maiti hizo kwa mstari. Aliyeonekana kulia angejulikana kuwa ndugu yao. Mwanarusi alikuwa nyuma ya Wanja. Walipofika kwenye maiti ya pili, mguu wa Wanja ulichelewa kidogo kuinuka. Mkono wake ulishika pindo la nguo, ukalikunja. Kidevu kikapanda, kama mtu anayemeza kitu kigumu. Kisha akapita. Alipofika nyumbani aliwasha moto na kupika kama kawaida. Mwanarusi alielewa kwamba yule wa pili alikuwa mwanawe.

Angewezaje kutotumia alichokiona? Mumewe alikuwa kambini, na kifua chake hakikuwa kizuri tangu zamani. Alifumua kichwa cha yule mama, akakijaza mchanga ili kiwe kizito na kigeuke polepole. Akapitisha uzi kwenye kiganja ili kiweze kufumba. Alifanya mazoezi mpaka akajua kwamba kulia hakuko kwenye mikono inayorushwa. Kuko pale mtu anapojizuia.

Mchezo wa pili, palepale Manyatta, Njiru alisema maneno yaleyale ya mama: "Simtambui tena." Kikaragosi akageuka aondoke. Akasita. Mkono ukashika pindo la leso, kidevu kikapanda.

Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia, na wengine wakafuata. Wanja alianguka magoti akamwita mwanawe kwa jina, Nyaga, akarudia na kurudia. Homgadi walitazamana. Kabla ya jua kutua walikuwa wamemchukua Wanja.

Afisa alifurahi kuliko alivyotarajia. Alisema mchezo utakwenda vijiji vyote mpaka Meru, na sasa homgadi watasimama mbele, wakiwatazama watu nyuso.

"Fanya vilevile," alisema. "Mumeo atakuwa nyumbani kabla ya Ramadhani."

Lori liliwapeleka Githongo, upande wa Meru. Njiani Mwanarusi alijaribu kuomba dua, lakini kila alipomtaja Kasim, uso wa Wanja ulimjia. Njiru alimwinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nitasema maneno kama nilivyopewa. Hiyo mikono ni yako."

Githongo watu walikuwa wengi. Kupitia tundu la pazia, Mwanarusi alimwona mwanamke wa mstari wa mbele, amekumbatia kikapu kitupu, macho yake hayapepesi. Akavaa kikaragosi mkononi. Akapiga kifua, akatupa kichwa, akarusha mikono juu. Watoto walicheka. Watu wazima walipiga miayo. Afisa aliamuru mchezo urudiwe, naye akaurudia hivyohivyo.

Afisa alikuja nyuma ya pazia. "Unaweza. Nilikuona."

"Ilikuwa bahati, bwana. Siwezi tena."

Alimvua kikaragosi kwa nguvu, akakitupa ndani ya lori.

Wiki hiyohiyo Kasim alihamishwa kwenda kambi ya mbali, nchi ya joto na vumbi. Mwanarusi alifika barabarani lori likiwa limeshaondoka. Nyuma ya wavu alimwona mumewe akimtafuta kwa macho, lakini upande mwingine wa barabara. Alimwita. Injini ikameza sauti yake.

Kasim alirudi mwaka 1958, amekonda, akikohoa damu. Mwanarusi alimsimulia yote. Kasim akauliza kama Wanja alitoka kifungoni. Alitoka, Mwanarusi alisema, na mguu mbovu, akahamia kwa ndugu zake Mbeere.

"Basi twende," Kasim alisema.

Wanja aliwakaribisha. Alimpa Kasim mkono, akamuuliza habari za kifua, akamletea uji. Mwanarusi alipotaka kupiga magoti, Wanja alimzuia.

"Usifanye hivyo," alisema. "Wewe nitakuzoea polepole."

Kasim alikufa mwaka uliofuata. Wanja alikuja matangani akichechemea, akaketi jikoni na wanawake wa Majengo akimenya ndizi, na jioni akaondoka bila kuaga.