Mwaka Usio na Mfalme

Hartwig Tenbrock hakujua kukaa. Miaka yote aliyoandikia gazeti la mji wao mdogo huko Ujerumani alikula chakula cha mchana amesimama, na siku mhariri alipomkatia habari yake ili tangazo la duka la samani lipate nafasi, alichukua koti akatoka, asirudi tena. Akaanza kuchapisha vitabu vya historia jikoni kwake, mkewe Mechthild akikaanga viazi kando ya marundo ya karatasi.

Kitabu cha kwanza kiliagizwa na chama cha walenga shabaha. Kila kiangazi hao humlenga kwa bunduki ndege wa mbao juu ya mlingoti. Anayeangusha kipande cha mwisho ndiye mfalme wa mwaka, na jina lake hupakwa kwenye ubao wa ukumbini. Kwenye ubao huo, mwaka wa 1932 ulikuwa mtupu. Mvua, walisema, sherehe haikufanyika.

Hartwig akaranda nyumba hadi nyumba, kahawa juu ya kahawa, mpaka bibi mmoja akamwambia jua siku hiyo liliwachoma shingo. Mfalme alikuwa Julius Lilienfeld, muuza ng'ombe, Myahudi. Wanazi walipotawala, chama kikamfuta.

Mwenyekiti, Alwin Kottmann, alipopata habari alikuja mwenyewe. Aliyeshika brashi na kulipaka rangi jina lile lisionekane alikuwa baba yake, naye mzee bado alikuwa hai.

"Hartwig, tumesoma darasa moja mimi na wewe. Andika mvua. Mvua haimuumizi mtu."

"Nimeitafuta sana, Alwin. Haikunyesha."

"Basi chama hakichukui hata nakala moja. Utavila vitabu vyako na viazi."

"Viazi vyangu usivitie humo," alisema Mechthild bila kugeuka.

Hartwig alizunguka meza. Bila chama, kampuni yake ya vitabu ilikuwa imekufa kabla ya kuzaliwa, na Alwin alilijua hilo.

"Aliyefutwa anabaki," alisema mwishowe. "Aliyefuta, naweza kutomtaja."

Alwin akampa mkono.

Siku ya sherehe vitabu viliisha kabla ya bia. Lakini kila aliyefika ukurasa ule alirudi na swali lilelile: "Sasa nani alimfuta, Bwana Tenbrock?" Hatua chache kutoka pale, mzee Kottmann, baba yake Alwin, alikuwa akila soseji. Hartwig akasema hajui, akahamisha meza yake hadi upande wa pili wa uwanja. Nako wakamfuata.