Kuanika Sola

Nyumbani kwetu Igamba hatukusema kufunga sola, tulisema kuanika. Baba aliinunua Tunduma akailaza juu ya kichanja cha kuanikia, pembeni ya kahawa, maana hapakuwa na mahali penye jua kuliko pale. Mpaka hapo hakukosea. Lakini mkulima wa kahawa hufunika kahawa yake jua la saa sita likikolea, maganda yasipasuke. Baba akawa anavuta turubai juu ya vyote viwili, mpaka jua lilegee. Jioni taa ilizimika kabla ugali haujaiva. Akawatukana wauzaji wa Tunduma kwa kumuuzia feki, na sisi watoto tukamsaidia kutukana.

Mama ndiye aliyechoka kupika gizani. Siku moja mchana alilikunja turubai upande wa sola.

“Itapasuka hiyo!” baba akafoka.

“Baba watoto, kahawa unaikausha. Hii unailisha.”

Jioni ile tulikula tukionana mpaka meno. Baba akasema ni kwa sababu jua la leo lilikuwa la maana. Kesho yake nilikuta turubai limekatwa, limebaki la upana wa kahawa tu.