Picha Ilitoka Safi, Nami Nikaacha Dawa

Kabla ya ushuhuda huu niliwahi kutoa mwingine, mbele ya kanisa zima, na ulikuwa wa uongo. Huu ndio wa kweli. Naomba mnivumilie hata pale usipopendeza.

Ninaitwa Mwangi. Ni fundi wa kuchomelea, na karakana yangu iko Makongeni, Thika. Natengeneza mageti na grili za madirisha. Kabla ya kuugua nilijivunia kitu kimoja tu, mkono wangu. Mahali nilipounganisha chuma palinyooka hivi kwamba mafundi wenzangu walikuja kupapasa kwa vidole. Mke wangu Wairimu alinitania kwamba ningeweza kumshonea rinda kwa ule moto.

Ugonjwa ulianza miaka sita iliyopita, na sitawaficha, mwanzoni ulikuwa mtamu. Nililala kidogo sana na nikaamka mwepesi. Niliongea mpaka koo likauma. Nilichukua kazi za mageti kumi na nne nikazianza zote kwa pamoja. Wairimu aliponiomba nipumzike nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayajua. Wiki ya tatu nilivua nguo zote nikasimama barabarani kuyahubiria magari. Majirani walinifunga kamba wakanipeleka hospitali.

Daktari alisema ni bipola. Alieleza kwamba ugonjwa huu humpandisha mtu juu kupita kiasi, kisha humwangusha chini kabisa. "Haiponi kama malaria," akasema, "lakini inashikika. Meza dawa na utarudi kazini."

Dawa ilinishika kweli. Ila ilinipa kiu ya ajabu, nikawa nakojoa kila saa, na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kazi yangu ikapinda. Niliichukia ile dawa kwa moyo wote. Daktari sikumwambia, niliona haya, mtu mzima kulia juu ya mkono. Nilimeza tu kwa sababu mama yangu, ambaye alihamia kwetu kutoka Theta nilipougua, alinisimamia kila jioni akiwa na kikombe cha maji. Mimi humwita Mami.

Baadaye kliniki waliniambia kuna watafiti wanaotafuta watu wenye bipola, wawapige picha za ubongo katika hospitali moja upande wa Ruiru. Nilikubali mara moja. Wengine walikwenda kusaidia sayansi. Mimi nilitaka mashine iniambie sina kitu.

Mtafiti alikuwa daktari mwanamke, Dakta Akoth. Alipojua kazi yangu alinipeleka kwanza kupigwa eksirei ya macho, kwa sababu ile mashine ni sumaku kubwa na fundi wa chuma anaweza kuwa na kipande jichoni bila kujua. Kisha akanisomea fomu polepole. "Mwangi, nisikize vizuri. Hii picha si ya kukupima wewe. Tunalinganisha watu wengi walio na bipola na wengi wasio nayo, tuone tofauti ziko wapi. Picha ya mtu mmoja haiwezi kusema anayo ama hana. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari." Nikatia sahihi.

Walinilaza, wakanibana kichwa kwa sponji, wakanifunika uso kwa kitu kama kizimba. Mashine iligonga na kunguruma kama karakana siku ya kazi nyingi. Kwenye kioo kidogo nilionyeshwa nyuso, nyingine zimekasirika, nyingine zinacheka, nami nikabonyeza kitufe nilipoambiwa. Niliogopa sana. Machozi yalinitiririkia masikioni na sikuweza kujifuta.

Nikaomba nakala ya picha. Kwetu mtu hatoki hospitali mikono mitupu. Nikapewa, pamoja na karatasi iliyosema hakuna uvimbe wala damu iliyovuja. Dakta Akoth akarudia yale ya fomu. Nilimwitikia huku nimekwisha kuacha kumsikiliza.

Nyumbani Mami aliiinua ile picha dirishani akaiangalia kwa muda. "Ngai, Mungu wangu! Si kichwa iko tu sawa! Hii ugonjwa walikuwa wanasema iko wapi?"

"Mami, hata wao hawakuiona," nikasema.

Wairimu ndiye aliyeuliza. "Lakini daktari alisema uwache dawa?"

"Alisema niwache."

Hapo ndipo nilipodanganya. Jumapili nikarudia uongo huo mbele ya kanisa la Mami kule Kimbo. Pasta aliniuliza swali lilelile, nami nikajibu vilevile nikiwa nimeinua picha juu. Watu walipiga makofi. Mami alilia kwa furaha. Aliibeba ile picha nyumba kwa nyumba, akiwaonyesha wamama wenzake ubongo wa mwanawe.

Wiki ya pili bila dawa mkono ulitulia. Mjue nilivyofurahi. Nilichomelea kipande cha chuma kisicho na kazi yoyote, ili tu nione ule mstari wangu umenyooka tena. Nikasema nitalitengenezea kanisa geti la shukrani.

Nililitengeneza kwa siku mbili bila kulala. Usingizi ulikuwa umeanza kuniponyoka tena nami nikauita upako. Nilivua ngao ya uso, nikamwambia Wairimu macho yangu sasa ni ya moto. Alinisihi twende hospitali, nikamfungia nje ya karakana. Bawaba za geti nilizishikiza kidogo kidogo tu, nikaona hiyo inatosha, kwa sababu malaika wangelishikilia. Niliamini hivyo kabisa.

Jumapili, geti likiwa limesimamishwa kanisani, Mami aliomba awe wa kwanza kulifungua. Alivaa kitambaa cheupe kichwani. Alilisukuma, bawaba ya juu ikaachia, na geti zima likamwangukia. Nilisikia mfupa.

Sehemu hii sijawahi kuisema hadharani. Watu walikimbia kulinyanyua, mimi nikafika kabla yao. Nilipanda juu ya lile geti nikaanza kuhubiri. Mama yangu alikuwa chini yake. Nilikuwa nikicheka. Wanaume watatu walinishusha kwa nguvu, na sauti niliyoisikia ikitoka chini ilikuwa ikisema, "Msimpige. Ni mgonjwa. Msimpige."

Alivunjika nyonga. Walimpasua wakamtia chuma. Mimi nilifungiwa wodi nyingine, macho yamevimba yakitoa maji, nikipiga kelele kwamba nimeponywa. Juma la tatu akili ilirudi, ikaniletea yote niliyoyafanya. Kisha ugonjwa ukaniangusha chini kabisa, kama daktari alivyosema. Nilirudishwa nyumbani na kwa majuma mengi sikuoga. Nilinuka hata mimi mwenyewe nikajisikia. Wairimu alinilisha uji kwa kijiko. Nilitamani kufa, na siku moja nilimwambia hivyo waziwazi. Hakunikemea. Alinishika mkono tukarudi hospitali asubuhi hiyohiyo, na hilo ndilo lililoniokoa.

Mami alipotoka hospitali nilijificha chumbani siku nne. Siku ya tano nilisikia vyuma vya kutembelea vikigonga sakafu, akaingia.

"Mami, mimi ndiye nilikuvunja."

"Ulinidanganya, na nimekasirika. Usidhani sijakasirika," akasema. "Lakini ile picha ni mimi niliibeba. Nilitaka sana ikuwe kweli."

Tulilia wote wawili. Hatembei bila vile vyuma, na hatatembea.

Nawashukuru hao wanawake wawili. Namshukuru na daktari wa kliniki, ambaye siku nilipomwambia hatimaye juu ya mkono alipunguza kipimo cha dawa na kunipima damu mara kwa mara. Mkono bado hutetemeka kidogo. Ningemwambia mapema, pengine haya yasingetokea. Kama dawa inakusumbua, sema. Usiiache kimyakimya. Na kama una ndugu mwenye ugonjwa huu, usimwombee apone huku ukimficha daktari hali yake.

Mwaka jana watafiti waliniita tena. Nilimkiria Dakta Akoth kila kitu. Akaniambia bado wanatafuta, na kwamba vichwa vyetu vikiwekwa pamoja huenda vikawasaidia watoto wa watu wengine. Nikalala tena kwenye ile mashine. Safari hii sikuomba nakala.

Niliporudi Mami alikuwa ameketi karibu na mlango. "Haya, wamesema nini?"

"Hawakuona uvimbe, Mami. Picha iko safi."

Akajiinua kwa vile vyuma, akaniambia nikae, nisimsaidie. Alikwenda jikoni hatua moja moja, akarudi amekamata chuma kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, nusu ya maji yamemwagika njiani. Nikameza dawa. Akasema, "Fungua mdomo," akainama, akatazama chini ya ulimi wangu.