Hodi Mbili za Saa Nane

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili ya mwanzo wa Septemba, jirani yangu Mkenya alipoingia kwangu Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, na kukataa kunipa mkono.

"Wewe bwana una maringo," alisema, akivua viatu mlangoni. "Nimekupungia huko Italia mpaka bega likaniuma, ukanigeuzia mgongo kama mtu ninayemdai."

Nilimwambia sijawahi kufika Italia. Wiki aliyokuwa huko likizoni na mkewe, mimi nilikuwa zamu kwenye chumba cha kufulia nguo za hospitali, na wenzangu kazini wangeweza kumthibitishia.

"Sasa nani aliazima uso wako? Kipara ni hicho hicho. Hata kusimama, umeegemea mguu wa kushoto vile unaegemea sasa hivi."

Nilisimama sawasawa. Alicheka, akajimiminia kahawa, akaeleza. Basi la watalii lilipita katika mji mdogo wa pwani bila kusimama. Kando ya barabara palikuwa na bomba la maji lililojengewa kwa jiwe, na mtu mweusi alikuwa akijaza ndoo. Alitazama basi, akamwona jirani yangu akipunga, akageuka.

Mimi sikucheka. Nilimwomba aniandikie jina la ule mji.

Nina kaka mmoja. Alinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na nusu, na kule Tanga watu walituchanganya tangu utotoni. Alipanda meli ya mizigo akiwa baharia kabla mimi sijaoa. Zilikuja barua kutoka bandari mbili tatu, kisha kimya, na kimya hicho kilikuwa kimefikisha miaka kumi na sita. Mwaka ule mama alikuwa ameniletea kaseti kwa mkono wa msafiri. Katikati ya habari za paa na bei ya sukari alikohoa, akasema: "Mwanangu, wazee wa mtaa wanataka tumsomee kakako hitima, tuanue tanga. Mimi kila Idi namwekea sahani yake. Sasa macho yananiishia. Wewe uliye huko alikokwenda, niambie. Nisome, au niendelee kuweka?"

Kwake Ulaya yote ilikuwa mtaa mmoja. Kaseti ile ilikuwa na miezi minne mezani kwangu na sikuwa nimemjibu.

Sikuvuka darasa la nane. Mengine nimeyapata maktaba. Kwa hiyo nilikwenda maktaba. Niliazima kitabu cha Kiitaliano chenye kanda zake, na ratiba ya treni za Ulaya, nene kama msahafu. Mwezi wa Oktoba nikachukua likizo.

Treni iliondoka Stockholm jioni. Kabla ya Denmark mabehewa yaliingizwa tumboni mwa meli, nami nikasikia bahari chini ya sakafu nikiwa bado nimekaa kwenye kiti changu cha treni. Ujerumani niliipita nikisinzia. Baada ya milima nilibadilisha treni, kisha nikabadilisha tena, na ya mwisho ilikuwa na mabehewa mawili tu. Ilishika ukingo wa bahari, ikiingia na kutoka kwenye mahandaki. Kila ilipotoka nililiona jiwe lile lile majini, au jiwe lililofanana nalo kabisa, hata nikawa na mashaka kama tunasogea.

Kituo cha treni kilikuwa bondeni, mji ukiwa juu, na basi lilikuwa moja. Nilikuwa nimeandaa sentensi yangu ya kumwambia dereva niendako. Hakuingoja. Alinitazama, akakata tiketi, akaendesha. Tulipofika kwenye bomba la jiwe alisimamisha gari, akafungua mlango, akasubiri nishuke.

Stockholm nilikuwa nimezoea kutazamwa. Kwenye treni ya Jakobsberg kikongwe aliweza kunikodolea macho safari nzima, kisha akatabasamu kwa aibu. Katika mji ule, ambako sikuona mtu mweusi mwingine, nilitegemea kutazamwa zaidi. Hakuna aliyenitazama. Mwanamke aliyekuwa akipangusa kizingiti aliniinulia kidole kimoja, kama unavyomsalimu mtu uliyemwona jana. Mwokaji mkate alipoona natazama kioo cha duka lake alifunga mkate wa mviringo kwenye karatasi, akaniwekea juu ya kaunta, akarudi kwenye tanuri. Nilishika mkate ule, bado una moto, na mikono yangu ikawa baridi.

Mji wenyewe ulikuwa wa ngazi. Magari hayakupita ila kigari cha magurudumu matatu kilichobeba mitungi ya gesi, kikilia kama nyuki kati ya kuta. Niliuliza pa kulala. Mtu niliyemuuliza alidhani namtania; alinyoosha mkono tu kuelekea nyumba ya manjano juu ya bomba.

Aliyefungua ni mama mjane, mzee, aliyevaa nyeusi. Alinitazama kuanzia kipara hadi viatu.

"Umekonda," alisema.

Nilimweleza polepole, kwa Kiitaliano changu cha kanda, kwamba mimi si huyo, mimi ni mdogo wake. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mlevi mpole. "Haya," alisema. "Chumba ni kile kile. Kitanda kimetandikwa." Alinitajia bei ya usiku mmoja kwa namna ya kunifurahisha, kama watu wanaocheza mchezo.

Nilikuwa nimekaa kitandani, mlango umefungwa, niliposikia sauti yake nje.

"Hodi."

Niligeukia mlango.

"Hodi," alisema tena. Na ya tatu, "Hodi," halafu nikasikia hatua zake zikishuka.

Nilifungua mbio. Alikuwa ameshika taulo. Nilimuuliza nani alimfundisha neno lile.

"Wewe," alisema, kisha akajirekebisha kwa upole: "Huyo kaka yako. Alikaa hapa miaka minane, akitengeneza injini za mashua. Aliniambia kwenu anayeita mara tatu ni mtu, na asipojibiwa huondoka bila kinyongo. Anayeita pungufu ya tatu si mtu, asifunguliwe."

Hayo ndiyo tuliyofundishwa. Hasa saa ya jua la utosi, watu wazima walipolala na uwanja ukabaki mtupu, mama alitukataza kuitikia kabla ya hodi ya tatu.

"Yuko wapi sasa?"

"Alihama Pasaka. Anakuja, anakwenda," alisema, na macho yake yakawa yananiuliza mimi.

Siku ya pili niliuliza mji mzima, na hapo nikagundua tatizo ambalo sikulipangia. Fundi wa injini bandarini alisema amemwona jana. Wapi? Kwenye ngazi, na mkate. Huyo alikuwa mimi. Mwanamke wa kizingiti alimwona jana akishuka kwenye basi. Huyo pia alikuwa mimi. Nilivyozidi kutembea ndivyo nilivyozidi kumfuta. Kila njia niliyopita ilijaa mashahidi wangu mwenyewe. Niliamua kupokea ushahidi wa kabla ya siku niliyofika tu, lakini watu hawaweki siku zao hivyo. Mmoja alisema Pasaka, mwingine juzi, wa tatu alinigonga bega akacheka: "Unajitafuta?"

Asubuhi ya siku ya tatu nilipanda basi la kwanza kwenda mji wa jirani, kwenye ofisi ya polisi inayoandikisha wageni. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka karibu adhuhuri. Hawakuwa na jina lake. Nilirudi kwa basi la mchana nikakuta mji umelala. Watu wa kule hula, hufunga madirisha ya mbao, hulala hadi jua lipunguze ukali. Hakuna redio, hakuna mtoto. Ngazi zilikuwa nyeupe hata macho yaliuma, na hapakuwa na kivuli kingine ila changu. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari chumbani kwake, nilisikia akikoroma. Nilifunga mlango wa chini kwa ufunguo kama alivyonielekeza, nikautundika ukutani, nikapanda kulala.

Saa nane kamili kengele ya kanisa ililia. Mlio ulipokwisha, mtu akasema nje ya mlango wangu:

"Hodi."

Haikuwa sauti ya mama yule. Ilikuwa ya mwanamume, na lafudhi ilikuwa ya nyumbani.

"Hodi."

Nilikaa kitandani nikisubiri ya tatu. Nina umri wa mtu mzima, nimesoma vitabu vya fizikia kwa Kiswidi, na bado nilisubiri ya tatu huku nimeshika ubao wa kitanda. Haikuja.

Ndipo nikakumbuka. Kaka yangu alikuwa akijificha nyuma ya jiko la mama saa kama ile, anaita hodi mara mbili, ananyamaza. Mimi ndani nilikuwa nikitetemeka, nikijua si mtu, mpaka nilipomsikia akibanwa na kicheko. Hakuna mwingine duniani aliyenifanyia hivyo.

Nilifungua. Ngazi zilikuwa tupu. Chini mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo unaning'inia ukutani. Mtu aliyekaa mle miaka minane angeweza kuwa na wa kwake. Nililiandika hilo kichwani huku nafungua. Mtaani hapakuwa na kitu isipokuwa ndoo ya bati chini ya bomba, imejaa, maji yanafurika na kutiririka barabarani. Mwanamke yeyote angeweza kuisahau. Nilifunga bomba. Nilisimama katikati ya jua, nikaita hodi ya tatu mwenyewe, kwa sauti ambayo iligonga kuta na kunirudia. Dirisha moja la mbao, juu sana, lilifunguka upana wa kiganja, likafungwa. Hakuna aliyesema karibu.

Nilikesha nikisikiliza. Kesho yake, likizo ikiwa inaishia, nilifunga begi, nikamtolea mama mwenye nyumba noti za siku zangu tatu. Alizirudisha mkononi mwangu.

"Umekwisha lipa, mwanangu."

"Lini?"

"Jana asubuhi, ulipotoka kwa mwokaji. Uliita hodi mara tatu pale mlangoni kwangu, ukalipa, ukaniambia jihadhari na baridi."

Jana asubuhi nilikuwa kwenye benchi la polisi. Tiketi ya basi, yenye tundu la dereva, ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nilimwomba anionyeshe hizo pesa. Alivuta droo. Noti tano, zimekunjwa mara nne hadi zikawa nyembamba kama kidole, vile anavyozikunja mama kabla ya kuzifunga kwenye pindo la khanga. Mimi hukunja mara moja tu, kwenye pochi. Nilihesabu pochi yangu mbele yake; haikupungua.

Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza ambao uso wangu haukuuchafua. Alikuwa hai. Alijua niko pale, na hakutaka nimwone. Kwa nini, sikujua, na sijui. Mabaharia wengi waliobaki huko waliona haya kurudi mikono mitupu. Pengine ni hilo, pengine silo.

Kaseti ya mama ilikuwa kwenye begi. Nilimwachia yule mjane.

"Nikirudi hapa," nilimwambia, "na nikawa siikumbuki hii, nipe."

Aliiweka kwenye droo, juu ya zile noti, na kwa mara ya kwanza akanipa mkono kama mgeni.

Norsborg nilimkuta jirani yangu akinisubiri kwa maswali. "Ulimpata?" Nilimwambia nimemkosa kwa hodi moja, na kwamba nahitaji kuazima kinasa sauti chake. Nilirekodi maneno machache, nikayafuta, nikarekodi tena. "Mama, msisome. Weka sahani."

Kisha nilitoa kwenye pochi pesa za chumba ambazo sikuzilipa, nikazikunja mara nne kama zile za kwenye droo, nikazitia bahasha moja na kaseti ya mama. Lira elfu arobaini na tano.