Makande ya Mama Mdogo

Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, kwenye maabara ya shule, ndipo yaliponirudia haya yote. Nayaandika leo hiihii, kabla sijaanza kujitetea.

Tulikuwa tunachemsha maji kwenye bika la kioo. Mwenzangu wa meza ni Neema, ambaye hata akinong'ona anasikika getini. Maji yakatokota, mapovu yakapanda, kipimajoto kikafika tisini na tano kikagoma hapohapo.

"Kimekufa hiki," Neema akasema. "Andika mia."

"Lakini kimesimama tisini na tano."

"Wee! Kitabu kinasema mia. Unataka kubishana na kitabu?"

Nikaandika mia. Meza zote ziliandika mia. Mwalimu alipopita kusoma madaftari alicheka mpaka akavua miwani. "Kwani maji nayo yamesoma kitabu chenu? Si mnaishi mlimani nyie!" Akatueleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama kule pwani, kwa hiyo yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Kisha akavuta maji ya moto kidogo kwenye bomba la sindano, akaziba tundu kwa kidole, akauvuta mpini kwa nguvu. Maji yaliyokuwa yametulia yakatoa mapovu bila moto wowote. "Mmeona? Kuchemka siyo kuiva. Pikeni maharage huku kwa saa za pwani, mtavunja meno."

Darasa zima likacheka. Mimi nikakumbuka sahani moja ya makande.

Enzi zetu... Najua, mtu wa miaka kumi na saba hana haki ya kusema enzi zetu. Lakini mdogo wangu Glory anaamini makande hutoka kwenye sufuria ya umeme ya presha, unabonyeza kitufe, unaangalia katuni mbili, inapiga filimbi, tayari. Basi niacheni nami niwe mzee kidogo.

Enzi zetu, shule zikifungwa Desemba, tulipelekwa kwa Bibi, Oldonyo Sambu. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka vumbi likatufanya wote rangi moja. Jioni baridi ilishuka toka Mlima Meru, tukajazana jikoni kama vifaranga, moshi ukitutoa machozi ya bure, mikono inanuka maziwa mgando. Chungu cha makande kilikuwa pale mafigani tangu ng'ombe hawajatoka zizini. Ukigusa tu kifuniko, Bibi anakuwakia: "Nani kafunua chungu? Unanifukuzia moto!" Bibi hakuwahi kuhesabu saa. Alibandika akienda kuchota maji, akaipua akisikia harufu imebadilika.

Mwaka niliokuwa na miaka minane, baba mdogo alioa. Mama mdogo alitoka Tanga, karibu kabisa na bahari, mwembamba, mpole, anasema "ahsante" hata akipewa ufagio. Kwetu mke mgeni akiingia jikoni mara ya kwanza hupika peke yake, hakuna wa kumsaidia wala kumwelekeza, na ukoo mzima unakuja kuonja. Ilikuwa Jumapili, kwa Bibi, watu wametoka kanisani na njaa zao. Alikuwa amepika makande kwa saa za kwao. Maji yalichemka vizuri mno, alituambia baadaye, yalichemka kwa fujo hata akapunguza kuni.

Baba mkubwa ndiye aliyeanza. Akatafuna. Tulisikia wote: ko!

"Shemeji," akasema, akishika shavu, "haya ni maharage au ni kete za kuchezea bao?"

"Nimepika kwa saa mbili na nusu," Mama mdogo akajibu, sauti imeanza kukatika. "Nyumbani huwa yanapondeka kabisa."

"Huko kwenu maharage yanaiva kwa kuangaliwa?" shangazi akadakia. "Sema tu umezoea chipsi."

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha mama. Sikuwa mtoto wa kuongea. Kusalimia tu ilikuwa kazi. Lakini nilimnong'oneza binamu yangu sikioni: "Mama Kokoto." Naye akaliropoka jina hilo kwa sauti. Ukumbi mzima uliangua kicheko, Baba mkubwa akapiga goti kwa kofi. Hakuna aliyeuliza limetoka kwa nani. Na niseme ukweli, kwa kuwa hapa sina wa kumdanganya: nilisikia utamu. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yangu kuchekesha watu wazima.

Jina lile halikufa. Mpaka leo kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo watu humwandikia hivyo, na vikatuni vya kucheka. Tukikutana Krismasi yeye hukaa nje karibu na karo, anasugua masufuria. Sijamwona tena akishika mwiko mbele ya watu. Nilidhani hapendi kupika.

Zamani tulikuwa na muda wa kungoja chungu siku nzima, ila hatukuwa na dakika moja ya kumuuliza mgeni kwao wanapikaje. Siku hizi tuna majibu ya kila kitu simuni. Kule kwenye karo bado yuko yuleyule.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Nimeomba simu ya mama, nikampigia.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko nyumbani Njiro?"

Nikamweleza bika, hewa, tisini na tano. Halafu nikamwambia jina lile lilitoka mdomoni mwangu. Nilisikia akiwafukuza kuku wake.

"Kwa hiyo sikukosea?" akauliza.

"Hukukosea. Ulipika sawa kabisa, ni huku kwetu maji hayapati moto wa kutosha. Nisamehe, Mama mdogo."

"Miaka tisa," akasema taratibu. Kisha: "Nimekusikia, mwanangu. Na hao wengine, nani atawaambia?"

Mimi ndiye yule ambaye kwenye kundi hujibu kwa dole gumba tu, kwa simu hiyohiyo ya mama. Nilitoka nayo nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikabonyeza alama ya sauti nikaishikilia.

"Shikamooni wote. Ni mimi, Naserian. Nina jambo kuhusu Mama mdogo."

Nikaongea mpaka nikamaliza. Kisha nikaachia kidole, sauti ikaenda.