Stika Niliyoificha Ndani ya Kiondo

Mimi sikusoma. Maneno haya ninayasema, na binti wa mwanangu anayaandika. Nimemwonya asiyapambe.

Kila Jumatano asubuhi huteremka mjini Machakos nikiwa na kiondo cha unga wa wimbi na mtama. Unga huo ni wa mdogo wangu wa kike anayeishi Athi River. Tangu alipopasuliwa tumbo, chakula kingine hakikai humo, na hata uji wa unga wa dukani huutapika. Huu wangu ninaupepeta na kuusaga mwenyewe, lakini ukipita juma moja huwa mchungu. Ni lazima uende kila juma, na magoti yangu hayawezi kwenda nao. Kiondo kisipofika, mdogo wangu hushinda kwa maji.

Kwa miaka mingi nilimkabidhi dereva wa matatu kiondo mkononi, bila karatasi yoyote. Nilifunga mdomo wa kiondo kwa uzi wa katani, mafundo matatu, kama mama yetu alivyotufundisha: kila fundo hupita chini ya lile lililotangulia, na asiyejua pa kuanzia hawezi kulifungua asipokata. Kwetu sisi tusioandika, hiyo ndiyo sahihi. Mdogo wangu aliyapapasa mafundo kwanza, ndipo akamshukuru dereva.

Kisha stendi ya magari ikaanza kutengenezwa. Walimwaga lami, wakajenga vibanda vya kuzuia jua, wakaweka mabenchi ya chuma, wakachora mistari ili kila gari lijue mahali pake. Watu walisifu sana. Mimi nilivitazama vitu hivyo nikajiuliza wanataka nini kwetu. Jibu nililipata siku madereva walipokatazwa kupokea mizigo, na chama cha magari kikafungua ofisi ya vifurushi yenye dirisha la kioo.

Karani wa ofisi hiyo alikuwa mwanamume wa makamo mwenye adabu. Aliniita mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake.

"Mwaitu, nipatie kitambulisho."

"Unga nao una kitambulisho?"

"Si unga, ni wewe. Kompyuta inataka kujua nani ametuma."

"Aliyetuma ni mimi, na nimesimama mbele yako. Kompyuta haioni?"

Alicheka, akaandika namba zangu, akauliza za mdogo wangu pia. Kisha akabandika juu ya kiondo stika yenye maandishi mekundu. Mimi sikucheka.

Nitasema kwa nini. Mdogo wangu alikuwa na kibanda cha mboga kando ya Barabara ya Mombasa. Siku moja walikuja watu wenye adabu kama karani huyo, wakachora alama nyekundu ubaoni, wakaandika na namba, wakasema ni kumbukumbu tu. Baadaye likaja tingatinga. Mboga zake za sukuma zilibaki zimetapakaa barabarani, na alama ile bado ilisomeka juu ya ubao uliovunjika. Tangu hapo mtu akiweka alama yake juu ya kitu changu, mimi huona ameanza kukichukua.

Basi nilisogea pembeni nikijifanya ninakaza uzi. Niliibandua ile stika taratibu. Sikuitupa, kwa kuwa huenda ingehitajika, na kwetu kitu cha maana huhifadhiwa ndani: kitambulisho hukaa ndani ya kitambaa, na kitambaa ndani ya nguo. Niliiweka juu ya unga, nikafunga mafundo yangu matatu, nikampa mpakiaji aliyekuwa akiharakisha mizigo. Nilirudi nyumbani nikijua nimewazidi akili.

Jioni mdogo wangu alinipigia simu kwamba kiondo hakijafika. Alhamisi hakikufika. Sauti yake ilikuwa imepungua. Nilijisemea kuwa niliwajua watu hawa tangu mwanzo, na kwamba unga wangu umeliwa na mtu. Ijumaa alfajiri nilipanda gari, nikashuka Athi River, nikaingia ofisi yao ya huko nikiwa nimejiandaa kwa vita.

Kiondo kilikuwa rafuni, mbele ya macho yangu.

"Hicho ni changu," nilimwambia msichana aliyekuwa dirishani.

"Susu, hiyo haina stika. Bila stika siwezi kupatia mtu." Aliniita susu, kama mtu anavyomwita nyanya yake.

"Stika iko ndani."

Msichana alinitazama. "Ndani ya nini?"

"Ndani ya kiondo. Niliiweka ili isionekane."

Mwanamume mmoja kwenye foleni alishika kiuno. "Susu ameandika barua, halafu anwani akaitia ndani ya bahasha!"

"Wewe nyamaza," nilimwambia, "ukipokea barua ndiyo uzungumze."

Foleni yote ilicheka, na msichana pia. Kisha akasema, "Hii kiondo imenivunja kucha mbili, susu. Tulijaribu kufungua tuone kama kuna namba ya simu. Tumeshindwa. Nani alifunga hivi?"

"Mbona hamkukata uzi?"

"Mzigo ya mtu haikatwi. Tumeambiwa hivyo."

Niliyafungua mafundo mbele yake, na stika ikawa pale, imejaa unga. Aliipangusa, akaisoma, akanipa kiondo changu. Unga haukupungua hata kijiko.

Nilimkuta mdogo wangu amelala ubavu, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Binti yake alikuwa amempikia wali laini, akautapika. Niliinjika uji bila kuvua leso. Kikombe cha kwanza alikunywa nusu akapumzika, na mimi niliketi nikilitazama koo lake mpaka nilipojua kwamba uji umekaa.

"Ni wao waliouficha?" aliniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo, naye angeniamini. "Ni mimi," nilimwambia. "Wao walikuwa na siku mbili na kisu, na hawakukata."

Alinyoosha mkono, akachukua kikombe, akamaliza nusu iliyobaki.

Jumatano iliyofuata nilimwambia karani abandike stika juu, mahali panapoonekana, na aibonyeze kwa kidole gumba. Nilimwuliza pia ni nani anayezisoma namba zangu baada ya yeye kwenda nyumbani. Alisema hajui. Nilimwambia aulize wakubwa wake, na kwamba nitarudi kusikia jibu kila Jumatano mpaka apewe. Kisha nikaketi kwenye benchi lao la chuma, simu mkononi, na sikuondoka mpaka mdogo wangu aliponipigia kusema kwamba kiondo kimefika na maji ya uji yamechemka.